Harufu Katika Gari la Mayai

Fundi alipojivuta kutoka chini ya gari, mgongo juu ya kipande cha boksi, Mama Mayai alikuwa ameshaizunguka gereji mara tisa. Alipewa kigoda, akakikalia kwa muda wa kupiga chafya moja, akainuka. Akapewa kiti kilichong'olewa kwenye gari lililokufa, chenye sponji yake nzuri tu, akakipapasa na kukiacha. Alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mkoba kwapani, simu mkononi, na kila akifika kwenye buti anainama kuchungulia, utadhani anaelewa anachokiona.

"Nimelipata tatizo, mama," fundi akasema, akijifuta mikono kwa tambara lililo chafu kuliko mikono. "Masega yameziba."

"Masega gani? Mimi nauza mayai, siuzi asali."

"Ya bomba la moshi. Hapa katikati pana kopo la chuma, na ndani yake pana vitundu vidogo vidogo kama nyumba ya nyuki. Moshi ukipita humo unasafishwa. Yako yameungua, yameyeyuka, yamegandamana. Gari halipumui. Ndiyo maana mlima linaupanda kama mtu anayekwenda kudaiwa."

"Na yameunguzwa na nini?"

"Plagi moja imekufa zamani. Petroli inapita bila kuungua, inakwenda kuungulia huko. Nilikwambia mwaka jana."

"Uliniambia mwaka jana, mimi nimesikia mwaka huu. Endelea."

"Tena hiyo harufu ya mayai viza unayonilalamikia, nayo inatoka humohumo. Masega yakiharibika mara nyingi ndivyo yanavyonuka. Mwenye gari mwingine angestuka mapema. Sasa wewe umebeba mayai kila siku, ungejuaje?"

Hapo Mama Mayai akashika mlango wa gari.

Kwa wiki tatu nzima alikuwa amemwandama wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye mwenye kuku, kule juu mlimani. Mama Mayai ndiye mwenye gari na wateja. Miaka kumi na moja walikwenda hivyo, mmoja anaokota, mwingine anapeleka, wanagombana kwa mambo ya kawaida ya mawifi na kupatana kabla chai haijapoa. Mpaka harufu ilipoanza. Mama Mayai alipekua trei moja moja, akanusa, akatikisa mayai sikioni kama redio mbovu. Asipate kitu. Mwisho akapanda mpaka uwanjani kwa wifi na beseni, akavunja trei zima mbele ya macho yake. Mayai thelathini, viini thelathini, vyote vimetuna na kung'aa.

"Lipo," Mama Mayai akasema. "Limejificha."

"Yai linajifichaje, wifi? Lina miguu?"

"Kuku wako wamezeeka. Au wewe unanichanganyia ya juzi na ya juma lililopita."

Lile la pili ndilo lililoharibu. Wifi aliweka ndoo chini taratibu. "Tangu leo tafuta kuku wengine. Na usikanyage hapa bila hilo yai viza mkononi mwako."

Basi akawa ananunua mayai ghalani mjini, madogo, yaliyokaa mpaka yakachoka. Juzi mwokaji wa mikate, mteja wake mkubwa kuliko wote, alilitia moja kwenye bakuli la maji mbele yake. Likaelea. "Mama Mayai," mwokaji akasema kwa upole uliomuumiza kuliko matusi, "Jumamosi uniletee yale ya zamani, au usiniletee tena." Leo Alhamisi.

Akampigia simu mumewe. "Baba watoto, ile Jumapili tulipokwenda arusini, garini kulikuwa na mayai?"

"Kulikuwa na zawadi, na wewe, na mimi."

"Harufu ilikuwemo?"

Mume akakohoa upande wa pili. "Ilikuwemo."

"Na hukusema!"

"Mama watoto, nilidhani ni wewe."

"Mimi? Mimi nilidhani ni wewe!"

"Ndiyo maana nikafungua kioo, nikasifu upepo."

"Na mimi nikafungua changu nikasifu miti."

"Basi tuliheshimiana," mume akasema, na kukata simu haraka, maana alikwisha kuhisi lawama zinakoelekea.

Fundi alikuwa anasubiri. "Sasa, mama, plagi nabadilisha, hilo halina mjadala. Masega ndiyo uamue. Mapya yapo dukani kwa rafiki yangu, yatafika kesho asubuhi." Akataja bei. Mama Mayai akamwomba arudie, isije ikawa amesikia bei ya gari.

"Kwa hela hiyo mtu ananunua gari zima!"

"Lako, labda. Lakini kuna njia nyingine. Nakata kopo, nachomelea bomba tupu. Saa moja tu umeondoka. Harufu kwaheri, mlima unapanda kama mbuzi. Litanguruma kidogo, na moshi utakuwa mkali, basi. Na hili kopo kuukuu usihangaike nalo, nitakutupia."

Mama Mayai akamtazama. Mtu huyu alikuwa hajatupa hata skrubu tangu afungue gereji. Nyuma ya banda lake palikuwa na milango ya magari yasiyokuwepo tena duniani. "Leo umeanza usafi?" akamuuliza. Fundi akacheka, akatazama pembeni.

Akaanza tena kuzunguka. Bomba tupu lilikuwa tamu. Saa moja tu! Gari halinuki, anapanda kwa wifi kabla ya adhuhuri, anafungua buti, anasema, "Wifi, yaliyopita yaishe." Akalijaribu neno hilo mdomoni. Yaishe. Halisemi nani alikosa. Tena lina ukarimu ndani yake, kana kwamba yeye ndiye anayesamehe. Nani angejua? Fundi hamjui wifi. Mume angenyamaza, aibu ni ya wote wawili.

Akafika kwenye boneti, akageuka. Halafu akamwona wifi machoni mwake, amesimama na ndoo, anamuuliza neno moja tu: yai liko wapi? Na yeye atajibu nini? Kwamba harufu imeondoka yenyewe, baada ya yeye kuacha kununua kwake? Basi hapo atakuwa ameligongomelea lile neno la kuchanganya mayai msumari wa mwisho. Bila harufu, hana ushahidi ila mdomo wake, na mdomo wake kule juu umeshafilisika.

"Nikate?" fundi akauliza, msumeno mkononi.

"Thubutu! Shusha gari."

"Mama, litazimika njiani."

"Likizimika nitalisukuma. Shusha."

Alipanda mlima kwa gia ya kwanza. Mtu aliyekuwa anakokota baiskeli yenye gunia la pumba alimpita, akamsalimia, akamsubiri, akamsalimia tena. Harufu ikajaa garini mpaka machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akawa anaiombea izidi.

Wifi alikuwa getini, amevaa mabuti, manyoya ya kuku kwenye kilemba. "Umelipata yai?"

"Nimelipata. Ingia garini."

"Nimekuuliza yai."

"Wifi yangu, ingia, nakuomba. Buti ni tupu, kalitazame kwanza."

Wifi akalitazama kweli, akainua na zulia la buti. Kisha akaingia, akafunga mlango. Mama Mayai akakanyaga mafuta huku gari limesimama. Wifi akavuta pumzi mara moja. Akavuta ya pili, ndefu, kama anayeonja mchuzi wa mtu asiyempenda.

"Masega ya bomba," Mama Mayai akasema mbiombio, macho kwenye usukani. "Yameungua. Mayai yako hayakuwa na kosa. Na lile la kuchanganya ya juzi, nililitunga mwenyewe, wifi, kwa hasira."

Wifi alishuka, akaenda nyuma, akainamia bomba, akarudi anapiga chafya. "Na huyo fundi anasemaje?"

"Ama mapya, ghali. Ama akate, aweke bomba tupu, linalonguruma na moshi mkali."

"Lingurume? Hapa kwangu? Kuku wangu mlango ukibamizwa tu siku mbili hawatagi. Na mpira wa mlango wako wa nyuma umekwisha, moshi wote utaingia kwenye trei. Yai linavuta kila harufu, hujui? Miaka kumi na moja!" Akapunga mkono. "Mayai yangu hayapandi humo, si leo, si na bomba tupu. Nipe simu."

Hakungoja kupewa; alitwaa mkoba mzima, akatoa simu, akapiga gereji. "Fundi? Mimi mwenye kuku. Weka mapya. Na hilo kopo kuukuu lina madini ya thamani na wanunuzi wake, shemeji yangu aliuza la kwake, kwa hiyo bei yake utaipunguza kwenye kazi yako au tunaondoka nalo. Unasemaje? Sikusikii. Sema tena."

Mama Mayai, hana simu, hana mkoba, akawa anatembea kando ya banda la kuku, kwenda na kurudi, anahesabu masaa: kesho asubuhi masega yafike, mchana yafungwe, jioni apande tena huku, Jumamosi alfajiri awe kwa mwokaji. Kuku wakaanza kukimbilia kona.

"Simama hapo!" wifi akamfokea, kiganja juu ya simu. "Unanitishia kuku."

Akasimama. Mpaka wifi aliporudi kwenye bei alikuwa bado amesimama. Halafu miguu ikaanza tena.