Nyumba Yenye Mpaka Ndani

Wakonyo alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haijapatikana hata leo: kuuliza. Akiona gari limesimama barabarani atauliza limeharibika nini. Akiambiwa, atauliza hicho kilichoharibika kazi yake ni gani. Marehemu mumewe, Zacharia, alizoea kusema kwamba siku mke wake atakapofika mbinguni, malaika wa mlangoni wataomba likizo. Zacharia alikufa kwa ugonjwa wa kifua kabla ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Mwaka huu tunaousema, hamsini na saba, swali moja lilikuwa limemkwama kooni. Serikali ilikuwa inakusanya mashamba. Vile vipande vya mtu vilivyotawanyika huku na huku katika miteremko ya rizavu, ile ardhi waliyoachiwa Waafrika, juu ya Ruiru, vilikuwa vinapimwa na kuunganishwa viwe shamba moja, kisha shamba liandikwe jina la mtu. Jina la mwanamume, kila mmoja alijua hivyo. Na shemeji yake, Kagwe, alikuwa ameanza kupitapita kando ya vipande vya Zacharia, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe ambao ameshakubaliana bei.

"Usiwe na wasiwasi, mke wa ndugu yangu," alimwambia. "Vya Zacharia vikiingia kwangu, nitakuachia pahali pa kupanda maharagwe."

Pahali pa kupanda maharagwe! Mwanamke aliyelima miteremko ile mpaka kiuno kikasahau kunyooka! Swali lake lilikuwa hilo: nani atamzuia huyu mtu?

Sasa, kila Jumatano mchana wanawake wa kile kijiji ambamo serikali ilikuwa imewakusanya watu tangu Emajensi walikutana kanisani Ruiru kujifunza kushona. Mwalimu wao alikuwa Mmarekani, Misi Pruti, mrefu, mwembamba, mwenye moyo safi. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa vitabu, kwa hiyo kilikuwa kizuri kupita kiasi. Mtu akidondosha uzi, Misi alisema, "Ewe mwenzangu, uzi wako umeanguka," na wanawake wakaficha vicheko kwenye vitambaa.

Jumatano moja Misi alileta picha ya zamani. Wanawake wawili wamesimama mlangoni pa nyumba ya mbao, sketi ndefu, nyuso kavu, na nyuma yao nyasi tu mpaka mwisho wa macho. Ukutani, kando ya mlango, ulipita mstari mweupe wa chokaa kutoka juu mpaka chini.

"Huyu ni Klara, shangazi wa baba yangu," akasema. "Huyu ni Ida, rafiki yake. Hapa ni Wayoming."

"Wayoming ndiyo nini?" Wakonyo alikuwa ameshaweka sindano chini.

Misi akaeleza. Ni nchi iliyo upande wa magharibi kule Amerika, ya upepo na theluji. Zamani serikali ilitangaza kwamba mtu akienda huko, ajenge nyumba, alime, alale juu ya ardhi hiyo miaka mitano, basi atapewa ekari mia moja na sitini ziwe zake.

"Mtu, au mwanamume?"

"Mtu. Hata mwanamke, mradi hana mume. Mwenye mume hakupewa. Mjane alipewa."

"Kwa jina lake mwenyewe?"

"Kwa jina lake mwenyewe."

"Ngai!" akasema Wakonyo. "Hiyo serikali yenu ilikuwa na homa?"

Wanawake wakacheka, lakini hakuna aliyerudi kushona. Misi akaendelea. Klara na Ida walipewa mashamba yaliyopakana. Kila mmoja alitakiwa alale upande wake, na baridi ya huko humuua mtu akiwa peke yake. Basi wakajenga nyumba moja juu ya mpaka. Kitanda cha Klara huku, cha Ida kule, na mstari wa chokaa ukutani ili mkaguzi akija aone hakuna aliyedanganya.

"Na jiko?" Wakonyo akauliza.

"Jiko lilikuwa katikati."

"Juu ya mpaka? Sasa majivu yalikuwa ya nani?"

Misi Pruti alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hilo hakuwahi kulifikiria maishani mwake.

"Na nani alimwoa mwenzake?"

Hapo Misi aliacha kucheka. Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hapana! Hapana! Walikuwa majirani!"

Wanawake watu wazima wakatazamana, hawakuona kosa liko wapi. Kwa Wagikuyu, na kwa Wakamba vilevile, mwanamke asiye na mtoto anaweza kutoa mbuzi akaoa mke. Mambo ya kitandani hayamo. Ni mambo ya nyumba. Watoto wa yule mke wanakuwa watoto wa nyumba ile, na moto wake hauzimiki. Wakonyo alikuwa ameona wanawake wawili, mlango mmoja, jiko moja. Angefikiri nini kingine?

"Haya, majirani," akakubali, shingo upande. "Na kabla yao, pale palikuwa pa nani?"

Misi aliishusha picha. "Walikuwako watu. Waarapaho, na wengine. Waliwinda pale. Serikali ikawaondoa, ikawapeleka katika..." Akatafuta neno kwenye kile Kiswahili chake cha vitabu, asilipate.

"Rizavu," akasema Wakonyo.

"Ndiyo. Rizavu."

Dirishani ilionekana kahawa ya mzungu, mistari kwa mistari mpaka mtoni, na miongoni mwa wale wanawake walikuwamo waliojua ni mgumo wa nani, ule mti wa kuombea, ulikatwa ili ile kahawa ipandwe.

"Hapo tumeelewa, Misi," akasema Wakonyo. "Endelea. Nyumba iko wapi sasa?"

Misi alikunja kile kipande cha kitambaa alichokuwa nacho, akakikunja tena. Alisema Klara alifariki kwanza. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo sheria ikampa kaka yake ile sehemu yake. Kaka akaja na mafundi na msumeno mrefu, akasema nusu ya nyumba ni mali yake.

"Akafanya nini?"

"Akaikata. Kutoka paa mpaka sakafu, akifuata ule mstari. Akaifungia farasi, akaivuta. Ida alibaki na kuta tatu."

"Huyo mtu alikuwa nani?" Sauti ya Wakonyo ilikuwa imepanda bila yeye kutaka.

"Alikuwa babu yangu," akasema Misi Pruti, na macho yake yakajaa machozi.

Wakonyo alimwonea huruma kabisa, maana ukoo hauchaguliwi. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. "Si nilisema? Wangeoana! Jirani akifa, shamba linakwenda kwa kaka yake. Mke haondolewi na msumeno."

Alitembea kurudi kijijini akiongea peke yake njia nzima. Kwake alikaa na msichana wa Kikamba, Wayua, aliyekuja kutoka Gatuanyaga mwaka ule wa ukame kutafuta kazi ya kuchuma kahawa, mtoto mgongoni. Mwanamume aliyempa huyo mtoto alikwenda Mombasa, na hata salamu hakutuma. Wakonyo alikuwa amempa pa kulala wiki moja, wiki ikageuka miaka, na yule mtoto, Kaleli, alikuwa ameshaanza kumwita cucu, yaani bibi.

Alimkuta Wayua anakoroga githeri, mahindi na maharagwe. Hakuzungusha maneno.

"Wayua, nataka kukuoa."

Mwiko ulisimama. "Shangazi, umepigwa na jua?"

"Kwa mbuzi, mbele ya baba yako, mchana kweupe. Kaleli awe mtoto wa nyumba ya Zacharia. Mimi nikifa usibaki na kuta tatu."

"Kuta tatu za nini tena?"

Ikabidi aeleze Wayoming yote, na chokaa, na majivu, na farasi. Wayua alisikiliza, kijiko cha chumvi mkononi, akisahau kutia chumvi. Mwishowe akauliza jambo moja tu. "Na kanisa?"

Wakonyo alikaa kwenye kigoda. Hilo alikuwa amelikwepa tangu Ruiru. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, na Meza ya Bwana aliipenda kuliko sikukuu yoyote. Wazee wa kanisa hawangevumilia mambo ya kimila, na wangemtenga. Aliogopa, na hakuona haya kusema.

"Kanisa litanitenga, na nitalia," akasema. "Lakini nikimwachia Kagwe, nitalia kila msimu wa kupanda."

Wayua akageukia chungu. "Kama unanioa kwa sababu ya shamba tu, sitaki. Nimeshaachwa mara moja."

"Wewe mtoto!" Wakonyo alikasirika kweli. "Nani alikupepea ulipougua malaria? Shamba lilikupepea?"

Wayua akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye chumvi, akalia zaidi. Githeri ya siku hiyo haikuwa na ladha, na waliila yote.

Gatuanyaga walikwenda na mbuzi, vumbi mpaka kwenye kope. Nzau, baba yake Wayua, alishangaa kidogo tu. Kwao desturi ilikuwa ileile. Jambo geni pekee lilikuwa kwamba mwoaji ni Mgikuyu. Uji wa mtama ukaletwa katika kibuyu, naye akampa binti yake anywe. "Usipokunywa, mbuzi hawa wanarudi nyumbani," akasema. Wayua akanywa funda kubwa, akampa Wakonyo.

Kamati ya mashamba ilikutana wiki iliyofuata, kwenye mabenchi mbele ya ofisi ya chifu. Mwenyekiti alikuwa Gerishon, mtu mzima mwenye koti la jeshi na hasira za karibu. Kando yake alikaa bwana wa mashamba, mzungu kijana wa serikali aliyeungua pua. Lilipotajwa jina la Zacharia, Kagwe alisimama upesi.

"Marehemu hakuacha mtu," akasema. "Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Mjane wake nitamtunza."

"Marehemu ana mtu," akasema Wakonyo. Akasimama, Wayua upande mmoja, Kaleli upande mwingine. "Huyu ni mke wangu. Mbuzi wamekwenda, na baba yake Nzau yule pale, amekuja kwa miguu yake. Huyu mtoto ni wa nyumba ya Zacharia."

Watu walivuma kama mzinga uliopigwa teke. Bwana wa mashamba akainama. "Amesema nini? Mke wa nani?"

"Mke wake," akajibu Gerishon.

"Mke wa mwanamke?"

"Bwana, ni wewe uliyetwambia kamati iamue kwa desturi yetu, au ni mwingine mwenye pua kama hiyo?"

Kagwe alipiga kelele. "Ni Mkamba! Mtoto hana damu yetu! Na wewe, Wakonyo, si umebatizwa? Utamwambia nini pasta?"

"Nitamwambia ukweli, kisha nitakaa nje," akasema Wakonyo. "Lakini niulize, Kagwe. Zacharia alipokuwa anakohoa damu, ulikuja mara ngapi? Na mtaro wa kuzuia udongo ulichimba upi? Nionyeshe mmoja, nami nitakaa chini."

Kagwe aliinua kidole kuonyesha mteremko, akakishusha. Kaleli akapiga chafya, na mtu mmoja nyuma akasema, "Ubarikiwe, mwana wa Zacharia," na mabenchi yote yakacheka, na ikawa vigumu kuendelea kumwita mtoto yule mgeni.

"Nyumba haijafa," akasema Gerishon. "Liandikwe jina la Wakonyo, kwa ajili ya mtoto. Anayefuata!"

Wakonyo alimshika Kaleli mkono, akashika njia ya nyumbani.

Kanisa nalo lilifanya lililosemwa. Alitengwa. Jumapili alikaa nje karibu na dirisha, akiimba sehemu yake ya wimbo akiwa upande wa pili wa ukuta, na siku ya Meza ya Bwana alilia kama alivyoahidi. Mambo mengine hayana dawa, jamani, unayabeba tu.

Ruhusa ya kutoka kijijini ilipotolewa, walijenga kwenye shamba lao nyumba ya udongo yenye mabati mawili upande wa mbele wa paa. Siku moja Misi Pruti alipanda mteremko peke yake, kwa miguu, uso umeiva kwa jua. Wazee wa kanisa hawakumtuma. Aliingia, akapewa kigoda na chai, lakini hakuketi. Alizunguka na kikombe mkononi akitazama ukuta huu, akatazama ule, akainama akakagua mpaka sakafu.

"Misi, umepoteza nini?" akauliza Wakonyo.

"Natafuta mpaka," akasema Misi. "Upande wako ni upi, na wa Wayua ni upi?"

Wakonyo akamshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha yale maua ya itoka waliyoyapanda safu chini kabisa ya shamba, pale linapokutana na la Kagwe.

"Mpaka ni ule," akasema. "Huku ndani hatukuweka."

Misi Pruti aliinama, akagusa ua moja. Kisha akarudi ndani, akaketi karibu na moto, na Wayua akamwongezea chai.