Biskuti za Mama

Tangu asubuhi dada mmoja, fundi cherehani, roho yake ilikuwa juujuu. Alikuwa akioka biskuti za sikukuu kama alivyofundishwa na marehemu mama yake: tangawizi, mdalasini, iliki, kila kitu kwa kipimo. Haikupita dakika bila kuchungulia oveni.

Kaka yake, aliyejikalia mezani kama bwana harusi, alionja trei ya kwanza. "Tamu, ila si za mama."

Ya pili vilevile.

"Basi oka mwenyewe," dada akafoka, na ugomvi ukawaka: nani alimuuguza mama, nani alipiga simu tu. Harufu ya trei ya tatu ikiungua ndiyo iliyowanyamazisha.

Kaka akaokota moja iliyoungua, akatafuna, akanywea. "Hizi ndizo."

Dada naye akaonja, akakumbuka: mama hakuwahi kuoka bila kugombana na mtu.