Nyumba ya Mama Mugisha

Mwaka huo wageni walitoka Denmark. Walikuwa kundi la usharika mmoja wa Kilutheri, wengi wao wastaafu, wenye kofia pana na mafuta ya kujipaka ili jua lisiwaunguze, na hamu ya kazi iliyowashangaza hata vibarua. Walikuwa wamejilipia nauli kuja Kagera kuzijengea nyumba familia zilizokuwa zikilala chini ya mabati yanayovuja. Fundi wao mkuu alikuwa Rwekaza wa Kahororo, mwashi aliyefiwa na mkewe Theopista miaka michache nyuma, mtu mpole asiyependa maneno mengi.

Mratibu wa kazi hiyo, Johnson, alimkuta Rwekaza Bukoba mjini akipakia saruji kwenye lori.

"Safari hii tunaanzia Ijumbi," alisema Johnson. "Kwa mama mmoja mjane. Tetemeko liliupasua ukuta wake, na mvua za masika zimeumalizia. Ni Mkatoliki, lakini kamati imesema shida haina dhehebu."

"Anaitwa nani?"

"Mama Mugisha. Magdalena, mke wa marehemu Datius. Unamfahamu?"

Rwekaza aliinama akauweka sawa mfuko wa saruji uliokuwa umekaa sawa tayari. "Namfahamu," alisema.

Alimfahamu tangu alipokuwa kijana anayejifunza uashi kwenye ujenzi wa madarasa ya shule ya Ijumbi. Magdalena alikuwa akipita pale na ndoo ya maji, na ilikuwa haipiti siku asiyopata sababu ya kusimama. Siku moja Rwekaza alimwambia kwamba akishajua kazi vizuri, nyumba ya kwanza atakayoijenga kwa mikono yake itakuwa yao wawili. Magdalena alicheka mpaka maji yakamwagika. Lakini baba yake hakutaka kusikia habari ya mkwe Mlutheri, na kwa upande wa pili mama yake Rwekaza alilia wiki nzima kwa sababu ya binti Mkatoliki. Magdalena akaolewa na Datius, mwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa. Baadaye Rwekaza akamwoa Theopista, wakaishi kwa amani, na hakumkosea hata siku moja. Ila kila alipopita barabara ya Muleba, mahali pa kukatia kwenda Ijumbi, moyo wake ulikuwa ukigeuza shingo peke yake.

Walipofika, Magdalena alikuwa amesimama uani, kitenge kimefungwa vizuri, nywele zimeanza kuota mvi pembeni. Alisalimia wageni mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alipomfikia Rwekaza hakuonyesha chochote.

"Karibu, fundi."

"Asante, Mama Mugisha."

Akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote anavyopokelewa Uhayani. Wadenmark wakazitafuna zile buni kwa ujasiri huku wamekunja nyuso, na watu wote wakacheka. Rwekaza naye alicheka, kisha akaenda kupima msingi.

Kazi ilikwenda. Asubuhi wageni walisogeza mawe na matofali kwa mstari, wakiimba nyimbo zao; mchana Magdalena aliwapikia ndizi na maharage, wakala wamekaa kwenye nyasi. Mzee mmoja aitwaye Henrik, seremala mstaafu, alishikamana na Rwekaza tangu siku ya kwanza. Hawakuwa na lugha moja, lakini mmoja akinyoosha mkono, mwenzake alishajua kama anataka pima maji au msumeno.

Rwekaza alijenga nyumba ile kwa uangalifu kuliko alivyowahi kujenga nyingine yoyote. Ukuta wa chumba cha mbele uliopinda kidogo, ambao jicho la kawaida lisingeuona, aliubomoa akauanza upya. Alipofika kwenye madirisha, alimwita mwenye nyumba.

"Mama Mugisha, hili unataka lielekee wapi?"

"Upande wa njia," alisema Magdalena. "Nione anayekuja." Akageukia upande wa pili. "Na hilo la chumbani, upande wa migomba. Mvua ikinyesha kwenye majani, napenda kuisikia."

"Najua," alisema Rwekaza.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Magdalena alimtazama, kisha akarudi jikoni haraka haraka.

Jioni moja, wageni wakinawa mikono, Henrik alimwita Rwekaza amwonyeshe picha kwenye simu yake. Alikuwa ameupiga picha ukuta, akisifu mistari ya matofali. Lakini pembeni mwa picha alikuwa Magdalena anaanika maharage, na Rwekaza mwenyewe, mwiko mkononi, udongo umemkaukia mwilini, anamtazama. Rwekaza aliona uso wake mwenyewe ukiwa na njaa ambayo alidhani ameificha vizuri. Henrik naye aliona. Alimwekea Rwekaza mkono begani, mkono mzito wa seremala, akauacha pale kitambo.

Usiku huo Rwekaza hakulala vizuri. Alijiambia: Theopista amekufa, Datius amekufa, wazee waliokataa wamelala makaburini. Nani amebaki wa kukataa?

Siku ya kupigilia mabati, wageni walipopumzika kivulini, alimfuata Magdalena nyuma ya jiko alikokuwa akimenya ndizi.

"Magdalena."

Kisu kilisimama. Kwa wiki zote zile hakuwa amemwita hivyo.

"Sina maneno mazuri," alisema Rwekaza. "Nipo peke yangu Kahororo. Nyumba yangu si mbaya. Njoo na watoto. Twende kanisani kwenu, kwetu, popote unapotaka wewe."

Magdalena aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Unamjua shemeji yangu Kashaija," alisema. "Anangoja nitoke tu. Nikiolewa, siku hiyohiyo kibanja kimerudi mikononi mwake, na Mugisha bado yuko shule. Atamwachia nini? Kaburi la baba yake lipo hapo chini ya migomba. Watoto wangu watakuja kulitembelea kama wageni?"

"Mugisha atakua."

"Atakua. Na sisi tutakuwa wazee."

"Nitangoja."

"Usinifanyie hivyo, waitu, tafadhali." Sauti yake ilishuka. "Nilipokuwa kwenye ile nyumba mbovu, inavuja kila upande, ungekuja ukaniambia hivi, labda ningethubutu. Ningesema, ninaacha nini? Sasa nina nyumba, Rwekaza. Tena nzuri. Wewe ndiye uliyeijenga."

Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu, na Rwekaza hakujua amwangalie wapi. Kutoka mbele Johnson alikuwa anamwita: misumari imekwisha.

Alirudi juu ya paa. Hakuna aliyemwona amelegea. Alimalizia mabati, akatia milango, akasakafia sakafu mwenyewe kwa magoti, mpaka ikang'aa.

Siku ya kukabidhi, mchungaji na padri walisali pamoja mlangoni, kwaya ikaimba, Wadenmark wakalia kuliko wenye nyumba. Magdalena alipewa ufunguo. Alishukuru kwa Kiswahili, Johnson akatafsiri. Kisha akageuka kwa fundi akasema kwa Kihaya neno moja tu, "Kasinge," hongera na asante kwa pamoja, akainamisha kichwa. Halafu akaingia ndani.

Basi la wageni liliondoka mchana kurudi Bukoba. Walipofika Kemondo, Rwekaza aliomba kushuka. Alisema ana ndugu pale. Hakuwa na ndugu. Hakuweza tu kuendelea kukaa katikati ya watu wenye furaha. Henrik alishuka naye, akamkumbatia kando ya barabara, akapanda tena.

Rwekaza alitembea mpaka bandarini. Mama mmoja alikuwa akikaanga sangara, akamkaribisha kwenye benchi. Aliona vumbi la saruji kwenye viatu vyake.

"Umetoka kazini, baba?"

"Nimetoka Ijumbi. Tulikuwa tunajenga."

"Mnamjengea nani?"

Rwekaza aliangalia ziwa. Mvua ilikuwa inakuja kutoka visiwani, nyeusi, imeshafunika nusu ya maji. Baada ya muda mfupi ingefika nchi kavu, ipande mlima kuelekea Ijumbi, ianguke juu ya migomba.

"Magdalena," alisema, kwa sauti, kwa mtu asiyemjua kabisa. "Nimemjengea Magdalena."

"Mungu akubariki," alisema yule mama, akageuza samaki.