Dubu Aliyetumwa Kusini

Alurut alikuwa akichonga nje ya nyumba, mgongo ameupa upepo ili vumbi la jiwe limkimbie. Tupa na kikombe cha chai vilikuwa juu ya boksi tupu la biskuti. Siku hiyo ya Agosti alikuwa akimalizia dubu mweupe, ambaye alikuwa wa kijani kwa sababu mawe ya kwao, kaskazini kwenye barafu, ni ya kijani. Alikuwa mkubwa kama birika, na mguu mmoja ameutanguliza.

Tumasi, mdogo wake, alisimama kumtazama. "Dada, huyu ana haraka gani?"

"Ana safari."

Miaka mitatu nyuma, meli ya madaktari ilipita na kupiga picha vifua vya watu wote. Kifua cha Ukaliq, binti yake Alurut wa miaka sita, hakikuwapendeza, wakaondoka naye kwenda hospitali ya kusini bila kumshusha. Alurut alipunga mkono ufukweni bila kujua kama anaonekana. Mtoto yule alipewa jina la marehemu bibi yake, mama mzazi wa Alurut, kwa hiyo Alurut alimwita Mama, na yeye alimwita Alurut mwanangu, na siku nyingine kumgombeza kwa kula ovyo. Tangu siku ya meli, kila Tumasi, aliyejua Kizungu, alipokwenda kuuliza, alijibiwa kwamba faili linatafutwa.

Kabla ya kumpeleka dubu dukani, Alurut alimshika masikio.

"Huko unakokwenda ndiko walikompeleka Mama. Mwone, kisha uje uniambie. Usizubae njiani."

Finlay, mwenye duka aliyenunua michongo na kuiuza kusini, alimgeuza dubu na kumkagua tumbo. Wazungu wa enzi hiyo majina ya watu yaliwashinda, wakawavisha wote vidani vya namba, na mchongaji alitakiwa kuchora namba yake chini ya kazi. Finlay aliiona, akaridhika, akamfunga dubu kwa magazeti.

Dubu alirudi mwaka wa pili, mwezi wa Aprili, akikanyaga barafu ya bahari. Mbwa walimnusa wakarudi kulala. Alikuwa ametumia miezi ishirini, na kwa mwenye miguu mirefu kama kidole, huo si mwendo mbaya. Kisigino kimoja kilikuwa kimemeguka.

"Dada," Tumasi aliita mlangoni, "jiwe lako hili limerudi. Labda hawakulipenda."

"Mwache aingie. Na ufunge mlango, baridi."

Alurut alimpa maji, kama apewavyo mnyama yeyote atokaye baharini. Dubu alikunywa, kisha akatema kidani cha Ukaliq, kamba yake imekatwa kwa mkasi. Kwenye kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu, laini, usio na changarawe. Alurut aliutoa kwa sindano, chembe baada ya chembe, akaukusanya kwenye kitambaa. Kwao hakukuwa na udongo wa namna hiyo. Alipomaliza aliegemeza paji la uso mgongoni mwa dubu, akalia mpaka jiwe likapata joto.

Wiki ya tatu polisi alifika kwa ndege. Alikuwa na telegramu kwamba dubu ametoroka kutoka kwenye kabati la kioo la nyumba ya sanaa ya kusini. Alivua viatu, akakubali chai, akalinganisha kimo cha dubu na kilichoandikwa.

"Mwambie mtoto amekufa," Alurut alimwambia Tumasi. "Nataka mifupa yake."

Polisi alisikitika kweli. "Kusafirisha maiti hakuna fungu. Halafu hali ya hewa yenyewe mnaiona."

Kisha akaagiza kasha lishushwe kutoka kwenye ndege. Lilikuwa la mbao mpya, ndani limetandikwa pamba na blanketi la sufu, nje limeandikwa *Beba taratibu*. Alurut alilizunguka.

"Muulize, mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka sita anaenea humu?"

Polisi alilipima kwa macho. Alikuwa mtu mkweli. "Anaenea. Lakini hili ni la dubu."

"Laiti tungezaliwa mawe, dada," alisema Tumasi.

Kidani nacho kilichukuliwa, kwa kuwa kilikuwa mali ya serikali. Udongo haukuwamo kwenye orodha ya polisi, ukabaki. Alurut alimlaza dubu mwenyewe na kumfunika. "Ukimwona tena," alimwambia, "mwambie nimesikia."

Kabla theluji haijayeyuka, majirani walianza kuja na mawe. Kila mmoja alikuwa na mtu wake kusini.

"Mume wangu hasikii vizuri," alisema mmoja. "Nichongee kitu chenye kelele."

Alurut alimchongea bata bukini. Majira hayo alichonga wanyama kumi na mmoja, na Finlay aliwasafirisha wote kwa furaha.

Baadaye nyumba ya sanaa iliandika barua. Ilisifu jinsi wanyama hao wanavyoonekana kama wanataka kuondoka, ndiyo maana wote sasa wamekazwa kwa skrubu. Ikauliza pia dubu anatafuta nini, kwani kila asubuhi hukutwa ameielekeza shingo kwenye dirisha la upande wa hospitali.

"Waandikie," Alurut alimwambia Tumasi. "Anamtafuta mtoto wangu, Ukaliq."

Kabati likawekwa kibao kipya: *Dubu Jike Akimtafuta Mwanawe*. Watoto wa shule hupelekwa kumtazama. Mwalimu huwaeleza kwamba dubu jike hamwachi mwanawe kamwe, kisha huwapanga mstari mlangoni na kuwahesabu, asije akapotea mmoja.