Kazi ya Nyumbani

Antoni alipoletwa Mpanda kuwa meneja wa shirika linalowashauri wafugaji kwa simu, jambo la kwanza lilikuwa kuitisha kikao. "Semeni ukweli," aliwaambia wafanyakazi. "Hakuna atakayeguswa."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Eufrazia akasimama, akaomba waendelee kupiga simu wakiwa majumbani kama zamani, maana mama yake kule Kasansa haoni na hana mtu mwingine. Antoni akacheka. "Kazi ya nyumbani ninayoijua mimi ni kuosha vyombo. Jumatatu wote hapa!"

Tangu hapo ofisi ile ikawa na jibu moja tu: sawa, bosi. Eufrazia alipanga chumba mjini, akamwacha mama akiangaliwa na jirani. Alishaamua: chanjo ya ng'ombe ikipita, anaacha kazi.

Ila chanjo yenyewe ikagoma. Alimpigia Malale, mfugaji wa Kasansa, kumwambia alete mifugo, akaanza kwa salamu waliyoagizwa: "Habari, mteja wetu mpendwa." Nyuma yake ilisikika feni tu.

"Tapeli wewe!" Malale akafoka. "Eufrazia namjua. Ananisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, na kwake jogoo hanyamazi. Sasa utaniambia ile hela nitume kwenye namba hii!" Akakata.

Meza zote zikakatiwa simu hivyo hivyo. Antoni akajaribu mwenyewe. Naye akaitwa tapeli, tena tapeli mzee. Dina, wa meza ya pili, akaziba mdomo asicheke.

"Kuna tatizo gani? Semeni ukweli."

"Hakuna, bosi," Dina akajibu.

Antoni akawatazama mmoja mmoja, na maneno yake ya siku ile yakamrudia. Akaketi. "Niliwaambia hakuna atakayeguswa, kisha nikamcheka Eufrazia mbele yenu. Nilikosea. Kila mtu arudi alikokuwa akifanyia kazi, wafugaji wawatambue. Eufrazia, kesho nakupeleka mwenyewe."

"Sawa, bosi," Eufrazia akasema. Hakumwamini hata chembe.

Kesho yake, Eufrazia akiwa uani kwao Kasansa, Antoni amesimama kando, alimpigia Malale tena. "Mwangaluka, baba."

"Jogoo yuko wapi?" Malale akauliza.

Jogoo, kwa kisirani chake, siku hiyo alinyamaza kimya. Lakini mama alishatoka barazani akipapasa ukuta. "Eufrazia, mwanangu, unaongea na nani?"

"Aa! Mama Eufrazia huyo!" Malale akapaza sauti simuni. "Basi ni wewe kweli. Ng'ombe naleta, na wenzangu nawaambia."

Eufrazia akakata simu huku machozi ya furaha yakimlenga. Mama akatega sikio. "Na huyo mwenye viatu vizito?"

"Bosi wangu, mama."

"Yule wa kuosha vyombo?"

Eufrazia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ndiye mimi, mama," Antoni akasema.

"Basi vyombo viko pale kwenye beseni."

Eufrazia alidhani atacheka kama siku ile ya kikao. Antoni akakunja mikono ya shati, akachuchumaa, akaanza na sufuria ya wali. Aliisugua, akaisuuza, akaiinua juani.

Eufrazia akavuta pumzi. "Bosi, hiyo bado ina ukoko."

Antoni akaichungulia ndani, akairudisha kwenye maji, akaanza kusugua upya.