Mfupa Uliovunjika Mkononi Mwangu

Kidole cha kwanza cha dada yangu kilivunjika akikanda unga. Ndivyo alivyosema, na mimi sikuamini. Alikuwa mwoka mikate kwa miaka kumi na mitatu. Magunia ambayo wanaume wazima huyasukuma kwa mguu, yeye alikuwa akiyanyanyua. Unga ungemvunjaje?

Hospitalini wakamfunga plasta mkono wa kushoto, wakamwambia wiki sita. Wiki sita zikaisha, kidole bado kimevimba. Wiki ya kumi wakafunga plasta nyingine. Kabla mfupa ule haujaunga, ukavunjika mwingine, huu wa kiganjani, chini ya kidole cha mwisho. Safari hii alisema alikuwa akifungua kifuniko cha mtungi.

"Kifuniko?" nikamuuliza.

"Kifuniko, kaka."

"Na mumeo alikuwa wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Kazini kwake. Kwani vipi?"

Mumewe ni fundi saa, mtu mdogo wa umbo, mpole kiasi kwamba hata nzi humtoa nje kwa kikombe. Lakini majirani walishaanza. Muuza vitambaa aliye mkabala na tanuri la dada aliniita pembeni. "Mtu havunjiki mkono mara mbili hivihivi," akaninong'oneza. "Na hao wapole ndio wenyewe." Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kutwa nzima kazi yangu ni kutafuta penye ufa. Nikautafuta kwa shemeji.

Dada naye alikuwa anakonda. Saa nne asubuhi ameshachoka, amekaa kwenye kiti cha wateja. Alikunywa maji bila kikomo, na siku nyingine alisahau kutia chumvi kwenye mikate. Nikimuuliza anacheka, "Uzee huo, kaka," na yeye hajafika arobaini. Kila nilichokiona nilikitafsiri nilivyotaka. Ni hofu, nikasema. Dada yangu anaishi kwa hofu ndani ya nyumba yake.

Jumamosi moja mchana nikamwendea shemeji kibandani. Alikuwa ameinama juu ya saa iliyofunguliwa, lenzi jichoni. Alipoona kivuli changu akainua uso.

"Aa, shemeji, karib—"

Nikampiga. Mara moja tu, lakini mkono wa mchomeleaji si mkono wa kuombea. Akaanguka na kiti chake, na vile visikrubu vidogo vya saa vikatawanyika sakafuni. Hakurudisha. Alipangusa damu mdomoni, akasema, "Hata mimi naogopa, shemeji. Siku hizi simshiki mkono, nisije nikamuumiza."

Maneno hayo mimi nikayachukua kuwa ni kukiri.

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Nilimkuta jikoni, mkono wa kushoto umo kwenye plasta, wa kulia uko juu ya meza. Nikaushika huo wa kulia, ule mzima.

"Niambie ukweli. Anakupiga?"

"Nani?"

"Usimfiche! Mficha maradhi—"

"Kaka, niachie, unaniumiza."

Sikuwa nimekaza. Naapa sikuwa nimekaza. Alipojivuta, ikatoka sauti ndogo, kavu, kama njiti ya kiberiti ikivunjwa. Niliisikia kwenye vidole vyangu kabla ya masikio. Hakupiga kelele. Tulitazamana tu, na kidole chake cha shahada kimelala upande ambao vidole havilali.

"Umeona sasa," akasema taratibu.

Mumewe akaingia akatukuta vile, mdomo umemvimba. Hakuuliza ni nani. Aliufunga ule mkono kwa kitambaa juu ya mwiko mpana, akatoka kutafuta gari.

Tulikwenda hospitali nyingine, kubwa zaidi. Daktari, mama mmoja wa makamo, hakujishughulisha sana na kidole kilichovunjika. Aliangalia vile visivyovunjika. Aliziweka picha za eksirei kwenye taa, akawaita wenzake wawili waje waone. Kingo za mifupa zilikuwa zimelika, kama zimetafunwa na panya.

"Nani amempiga?" nikauliza, maana ujinga hautoki kwa siku moja.

"Hakuna aliyempiga. Mwili wake unaila mifupa yake." Akagusa shingo yake mwenyewe. Humu ndani, akatueleza, mna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, navyo hupima chokaa, yaani kalsiamu ya kujengea mifupa, iliyomo kwenye damu. Kimoja cha dada kimekua, hakisikii tena la mtu; kutwa kucha kinaiamuru mifupa itoe chokaa yake. "Mnaziba ukuta kwa plasta," akasema, "na mwizi yumo ndani anatoa matofali."

Akapasuliwa shingo, kikatolewa kitu cha ukubwa wa harage. Tukadhani yameisha. Siku ya pili midomo ikamfa ganzi, vidole vikajikunja vyenyewe: mifupa ilikuwa na njaa, sasa inaivuta chokaa yote kutoka kwenye damu. Wiki mbili alikuwa kwenye dripu. Mifupa ya mikono iliunga baada ya miezi saba. Kidole cha shahada kimebaki kimepinda, na unga anaukanda kwa viganja.

Shemeji nilimpigia magoti. Akasema, "Yamepita," na ni mtu wa neno lake. Ila nikiingia kibandani kwake, hurudisha kiti nyuma kidogo.

Daktari, hata hivyo, hakuwa amemalizana nasi. "Mama yenu alikufa kwa nini?"

"Alianguka mlangoni, nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena."

"Alikuwa na mawe kwenye figo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alikuwa nayo. Na mimi mwaka jana niligaagaa sakafuni siku mbili kwa jiwe la figo, nikamwambia mke wangu ni tumbo tu.

"Mara chache hupita kwenye ukoo," akasema. "Katoe damu."

Nikatoa. Chokaa ilikuwa juu. Wakarudia, ikawa juu zaidi. Nina tarehe ya kupasuliwa, na nimekatazwa kunyanyua vyuma.

Jana mimi na mke wangu tuliwapeleka binti zetu wawili nao watolewe damu. Mdogo ana miaka sita. Aliuliza kama itauma, mama yake akamwambia kidogo tu. Majibu ni Alhamisi.