Shuka la Ghadir

Mchana kutwa Nihal alikuwa msemaji wa Bubujiko, kampuni ya maji, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia wateja kwamba maji yatarejea hivi karibuni. Ikigonga saa kumi na moja alivua viatu vya ofisini, akakaa mkekani ukumbini kwao Gongoni, Tabora, akabana kitambaa kwenye fremu na kuanza kudarizi. Kwenye uzi, alisema, hakuna hivi karibuni: ua limeisha au halijaisha.

Mwaka ule alikuwa anadarizi shuka la harusi ya mdogo wake, Ghadir, aliyeposwa Igunga. Mama yao, Bi Masika, aliyewafundisha wote wawili kushika sindano, alitaka tausi. Nihal akachora bwawa lenye bata.

"Bibi harusi analala juu ya tausi, mwanangu. Halali juu ya bwawa."

"Tausi tumeshawaona, mama. Maji ndiyo hatujayaona tangu mfungo."

Alikuwa kwenye mshono wa mwisho wa bwawa pale meneja wake, Ezekia, alipopiga simu akitaka taarifa ya kukanusha kwamba Gongoni hakuna maji. Nihal akaweka shuka chini, akaandika kanusho, akasahau kufunga fundo upande wa nyuma. Na kila anayedarizi Tabora anajua kwamba fundo la nyuma ndilo linalokizuia kilichodariziwa kisitoke. Asubuhi mkeka ulikuwa chapachapa na bwawa linatiririka.

Bi Masika akaonja. "Ya baridi," akasema, akajaza birika. "Na shukuru hukunisikiliza. Saa hizi tausi wangekuwa wanatuchafulia ukumbi."

Wakalitundika shuka kwenye kamba uani, beseni chini yake. Jirani yao Leonia akaja na ndoo, na nyuma yake ukaja mtaa mzima. Foleni ikapangwa, watu wakatetana kama kawaida. Mmoja alilalamika kwamba ndoo yake imeingia bata. Wakamrudisha bata shukani.

Shida ilikuwa Ijumaa. Ijumaa Ghadir anaolewa, na kwa desturi ya ukoo wao shuka la dada lazima limtangulie bibi harusi. Lisipoonekana, mawifi husema kwao hawamtaki. Likienda Igunga, mtaa unarudi kwenye kiu. Likibaki, Ghadir anaingia ukweni mnyonge. Dawa ilikuwa moja: kampuni itengeneze bomba lililopasuka barabarani, na mapema. Nihal akaenda kumwambia Ezekia hivyo, bila kupunguza neno.

Ezekia akaja mwenyewe, suruali kaikunja asilowe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu maji."

Akanywa, akaongezwa, akalizunguka shuka kama mtu anayekagua gari la mtumba.

"Presha nzuri," akasema. "Sasa Nihal, tatizo liko wapi?"

"Hili ni shuka la harusi, bosi. Ijumaa linaondoka."

"Harusi ni mambo ya familia. Wewe andika huduma imerejea."

Nihal akaandika, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini, na maji kweli yalikuwepo. Ilikuwa taarifa yake ya kwanza ambayo mtaa uliisoma bila kucheka. Jioni ileile mafundi wakafika, wakalifukua bomba na kulipeleka kwingine, kwa kuwa hapo halikuwa na kazi tena.

Alhamisi Ghadir akatoka uani kulianua shuka lake, hina bado mbichi mikononi. Wanawake wakampisha. Leonia akaificha ndoo yake nyuma ya gauni. Ghadir akasimama mbele ya kamba, akawatazama bata.

"Ningelianua, dada," akamwambia Nihal, "ila hina italichafua."

Hina ilipokauka akasema vilevile.

Akaenda Igunga na shuka la dukani. Mawifi wakalishika pindo, wakatazamana.

Jumatatu fundi wa Bubujiko akaja kufunga mita kwenye shuka la uani. Bi Masika akampikia chai.

Wiki ikaisha, na alasiri moja Ghadir akapiga simu.

"Mnapata maji huko?"

"Tunapata."

"Anayesema ni dada yangu au msemaji wa kampuni?"

Nihal akatazama mtaro mtupu lilimokuwa bomba, akatazama foleni. "Wote wawili," akasema.

Ghadir akacheka kidogo. Halafu akasema kwamba mawifi bado wanamwita mgeni.

Nihal akapenya foleni mpaka kwenye kamba. Akaisogeza simu kwenye shuka, akaiegemeza juu ya mita, ili mdogo wake asikie maji yakitiririka. Kutoka Igunga ilikuja pumzi tu. Watu wakachota wakiizunguka ile simu bila kuigusa, ikakaa pale mpaka chaji ikaisha.